Chura Asiyehitaji Chemchemi

Binti aliyechukua meza yangu kazini alinipigia simu juzi akitaka kujua kwa nini ndoo zote zilizomo stoo zimetobolewa kitakoni. Alidhani ni kazi ya panya. Nilipomweleza alicheka, kisha akasema, "Mama Zuhura, haya mambo yaandike, maana sisi huku tunabahatisha." Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Anayetaka kujua mshahara wa fundi wa utafiti na aangalie viatu vyake.

Tuanze na hizo ndoo. Zinafukiwa ardhini mpaka mdomo ulingane na udongo, zinapangwa mstari mmoja, na juu yake unapitishwa ukuta mfupi wa nailoni. Mnyama mdogo akikutana na nailoni haruki. Anaifuata pembeni akitafuta mwisho wake, na kabla hajaufikia anatumbukia ndooni. Asubuhi unamtoa, unamtambua, unampima, unamwachia aende zake. Matundu ni ya kutolea maji ya mvua. Ndoo nzima ikinyeshewa inageuka kisima, na asubuhi unakuta maiti.

Tulizinunua mjini kwa Bwana Hassanali, aliyerithi duka la vyombo la baba yake karibu na soko. Mara ya kwanza nilimwomba azitoboe palepale, maana alikuwa na msumari na jiko la mkaa. Alishtuka. "Dada, ndoo nzima unataka kuharibu? Maji utatekea nini?" Nikamwambia ni za kukamatia vyura. Tangu siku hiyo, kila nikiingia aliwaambia wateja, "Mpisheni dada wa vyura." Miaka ilivyokwenda akabadilisha dada kuwa mama, vyura wakabaki palepale.

Watu wakisikia ulifanya kazi ya wanyamapori wanakuuliza habari za simba. Simba wako Mikumi. Mimi kazi yangu ilikuwa milima ya Uluguru na wale wanaoishi chini ya majani yaliyooza: vyura, vinyonga, mijusi, virukanjia, wale kama panya wenye pua ndefu, konokono, majongoo. Katika safari zangu zote sijawahi kukimbizwa na mnyama, isipokuwa mbuzi dume mmoja wa Bigwa.

Siku ya kwanza nilifika kazini na cheti changu na blauzi nyeupe. Aliyenipokea alikuwa fundi mkuu, Mzee Kibwana, mtu mwembamba asiyependa maneno. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," akanikabidhi jembe. Nilikuwa nimejiandaa kwa darubini. Tulipanda juu ya Bigwa nikachimba mashimo mpaka mchana, na ile blauzi haikuwa nyeupe tena.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na kinyonga mmoja katika ndoo ya tatu. Nilikimbilia kalamu nimwandike. Mzee Kibwana akanishika mkono.

"Mvua imenyesha kiasi gani jana?"

"Sijui, mzee."

"Kivuli hapa kikoje? Majani ya chini mabichi au makavu? Tuko juu kiasi gani?"

"Sijui."

"Basi huyo kinyonga humjui. Mnyama anaandikwa mwisho. Kwanza andika kilichomweka hapa."

Niliona ananionea. Ilinichukua muda kukubali kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ninyi mnaoingia sasa mna vifaa vinavyopima joto vyenyewe saa zote, kwa hiyo mtachukua muda mrefu zaidi. Kifaa kinakupa tarakimu. Hakikwambii kwamba aliyekiweka amekiweka juani.

Uluguru ni mlima mmoja wenye hali ya hewa ya nchi mbili. Upepo wa bahari unapiga upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unaacha mvua yake hukohuko. Ukivuka kuja upande wa magharibi, wa Mzumbe, unakuwa umeshakamuliwa kama nguo ya kuanika. Tulikuwa tunafukia ndoo zilezile, kwenye mwinuko uleule, pande zote mbili. Mashariki tulitoa vyura mpaka tukachoka kuwapima. Magharibi tulitoa mijusi, na siku nyingine tulitoa ndoo tu. Sitaki mtu aandike kwamba upande wa magharibi ni maskini. Una wake, nao ni wavumilivu wa jua, ila si walewale.

Kisha kuna kupanda. Ukitoka mjini na fulana, katikati ya mlima utataka sweta, na kwenye ukungu wa juu utajuta kutobeba koti. Mnyama hana sweta. Kila mmoja ana mkanda wake wa mlima, na wengi hawatoki kwenye mkanda huo hata kwa dawa. Tatizo ni kwamba mkanda wa katikati upande wa mashariki, wenye joto na unyevu kwa pamoja, ndio huohuo unaopendwa na migomba, karafuu, mdalasini na binadamu. Msitu mkubwa umebaki juu kwenye baridi. Msitu wa joto na unyevu umebaki vipandevipande, na wanyama wake wamebaki humo. Juu baridi itawaua, chini jua litawakausha.

Kipande kimoja kati ya hivyo ndicho kilichonipa kazi ngumu kuliko zote.

Kilikuwa katika bonde moja la mashariki, chembamba, kimeshuka kutoka mpaka wa msitu wa hifadhi mpaka kwenye migomba ya kijiji. Wakati huo Mzee Kibwana alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye niliyekuwa nikifukia ndoo. Asubuhi moja nilikuta chura mdogo, mwili wake haufiki kiungo cha kidole gumba, rangi ya majani makavu, na mstari mweupe ubavuni. Tumbo lilikuwa limejaa. Nilimweka kwenye chupa ya plastiki na kiganja cha majani mabichi nikaendelea na ndoo nyingine. Niliporudi alikuwa na watoto. Si mayai, si viluwiluwi. Vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, wanatembea juu ya jani. Nilijua kwamba milima yetu ina vyura wanaozaa namna hiyo, wasiohitaji dimbwi wala mto, wanaohitaji tu hewa mbichi na majani yasiyokauka. Lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Nilikaa chini kwenye tope nikacheka peke yangu. Sijawahi kufurahi vile kazini, wala siku niliyoagwa.

Mkuu wa mradi alikuwa Dokta Mbise, mtu mkweli na mchapakazi, aliyeweza kulala na njaa kwa ajili ya mjusi. Tulimtafuta chura yule katika mabonde ya jirani, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, juu na chini. Hatukumpata. Huenda yupo mahali tusipofika. Mwanasayansi haruhusiwi kusema hayupo, anaruhusiwa kusema hajamwona. Dokta Mbise akaamua kwamba kipande kile lazima kisalimike.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo lilichekwa bonde zima. Tulifika kijijini tukaomba kuonana na mwenye shamba. Tukapelekwa kwa Mzee Ramadhani, aliyetukaribisha kwa heshima zote, akatupa chai na mihogo ya kuchemsha, akamsikiliza Dokta Mbise kwa makini, akakubali kila kitu. Msitu usikatwe? Usikatwe. Daima? Daima, Dokta. Tulishuka mlima tukiwa tumeridhika kabisa. Kumbe kukubali kutoa kisicho chako hakuna gharama. Mzee Ramadhani alikuwa mume. Kwa Waluguru ardhi inafuata mama, na mume aliyehamia kwa mkewe ni mgeni mwenye adabu. Dokta Mbise alitoka mkoa ambako shamba ni la baba, akaona ndevu akadhani ndiye. Mimi nimezaliwa Bigwa, mama yangu Mluguru, na bado sikuuliza, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa reli kutoka bara na nyumbani kwetu hakukuwa na shamba la kugombea.

Mwenye shamba alitufuata mwenyewe safari iliyofuata. Bi Tatu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndizi maisha yote, ameongozana na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mjomba na msemaji wa ukoo.

"Nasikia mmepewa msitu wangu," alisema.

Dokta Mbise akaanza kueleza. Bi Tatu akamngoja amalize.

"Huyo aliyewapa ni mume wangu, namheshimu. Lakini hata jembe analolimia ni langu. Ardhi hii ya lukolo, ya ukoo wetu, alinipa mama, naye kapewa na mama yake. Mkitaka neno, neno lipo kwangu."

Mjomba akaongeza, akitazama pembeni, "Na chai mliyokunywa pia ni yake." Tulicheka wote, Dokta Mbise kwa kuchelewa kidogo.

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Bi Tatu alikuwa na binti mmoja, Salima, aliyekuwa anakaribia kuolewa. Binti huku anapewa shamba na mama yake. Asipopewa, anakwenda kulima kwa mume, na siku ndoa ikiyumba anatoka na kanga zake tu. Mashamba mengine ya Bi Tatu yalikuwa yamechoka, au yalikuwa yameshagawiwa kwa wadogo zake. Kilichobaki ni kile kipande cha msitu. Alikuwa amepanga kukifyeka kabla ya mvua za vuli apande maharage na migomba.

Alitaka kujua kitu kimoja tu, na aliniuliza mimi, kwa sababu alikuwa ameniona nikikaa sana kwenye chemchemi. Ilitoka chini ya mwamba, pale kipande kinapokutana na hifadhi, na ndiyo iliyokuwa ikinywesha nyumba zote za upande ule.

"Nikikata, maji yatakauka?"

Dokta Mbise akajibu kabla yangu kwamba tutampa majibu kesho.

Jioni ile tulikaa kwenye veranda ya nyumba ya wageni ya kijiji. Dokta alijua jibu, maana nilikuwa nimempa mwenyewe. Nilikuwa nimeipima ile chemchemi kiangazi kizima. Maji yake yalikuwa yanatoka juu, kwenye msitu wa hifadhi, yanapita chini ya mwamba. Kipande cha Bi Tatu kilikuwa chini ya mdomo wake. Kikifyekwa, chemchemi isingejua.

"Mwambie yatakauka," Dokta alisema.

"Hayatakauka."

"Najua hayatakauka, Zuhura. Mwambie hivyo hivyo. Ni neno moja tu. Nyumba haitabomoka, mtu hatakufa. Salima atalima kwa mumewe kama wanawake wengine nusu ya nchi hii. Chura huyu ana mahali pengine?"

"Hatujamwona pengine."

"Sasa?"

Dokta Mbise hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa amempenda yule chura kama nilivyompenda mimi, na alikuwa amepima hasara mbili akachagua iliyoonekana ndogo. Nilimwambia tu kwamba nimetumwa kupima maji, nimeyapima, na siwezi kumpa mwenye maji kipimo kingine. Akasema, "Basi kesho sema wewe." Akaingia ndani kulala bila kuniaga.

Asubuhi nilimkuta Bi Tatu akimenya mihogo uani, Salima pembeni yake akichochea moto. Nilimwamkia nikakaa kwenye kigoda.

"Maji hayatakauka, mama," nilimwambia. "Yanatoka juu, kwenye hifadhi. Ila chura atakufa. Yule niliyekuonyesha, anayezaa."

"Mwingine hayupo?"

"Hatujamwona."

Aliendelea kumenya. "Analiwa?"

"Haliwi."

"Dawa?"

"Sijasikia."

"Analia?"

"Kidogo, kama mdudu."

"Nshamsikia basi, tangu mdogo. Nilidhani mdudu." Akaweka kisu chini. "Mwanangu, ningekuwa na shamba lingine ningemwachia chura wako. Sina. Nina Salima."

Salima alikuwa anautazama moto kana kwamba ndiye aliyekosa.

Kabla ya vuli walifyeka. Niliomba ruhusa ya kuendelea kupima, nikapewa, na nadhani hayo ndiyo maandishi yangu yenye manufaa kuliko mengine, ingawa sikufurahia kuandika hata mstari. Kwanza lilikuja jua. Kipimajoto ambacho adhuhuri kilikuwa kikisoma kama ndani ya msikiti kilianza kusoma kama paa la bati. Majani ya chini, yaliyokuwa laini kama matambara ya kudekia, yakaanza kulia chini ya viatu. Konokono wakatoweka, kisha virukanjia waliokuwa wakiwala. Ndoo hazikuwa tupu. Walikuja vyura wa mashambani, wale wakubwa wenye vipele wanaopatikana hata kwenye mitaro ya Morogoro mjini, wakajaa tele. Kama mngehesabu vyura tu, mngesema hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nawasihi mhesabu aina, na muandike nani kaondoka na nani kachukua kiti chake. Yule mdogo mwenye mstari mweupe sikumpata tena.

Salima aliolewa, na mume akahamia kwake kama inavyotakiwa. Nilipopita na ndoo zangu aliniita nikala. Alikuwa amepika maharage ya shamba lile, kwa nazi, na ndizi mbichi. Yalikuwa mazuri. Nilikula nikashiba, nikaomba na mchuzi zaidi. Nilipokuwa narudi nililia juu ya bodaboda. Dereva akaniuliza kama ni vumbi, nikamwambia endesha.

Dokta Mbise alinisemesha tena baada ya muda, kwanza habari za mafuta ya gari, kisha mengine. Hakuwahi kunilaumu kwa maneno. Alihamia mkoa mwingine, na hadi leo tunatumiana salamu za Idi na Krismasi.

Miaka michache kabla sijastaafu nilipelekwa bonde lingine, ng'ambo ya mgongo wa mlima. Huko kulikuwa na msitu wa ukoo mkubwa zaidi, na vijana walitaka kuugawana walime. Chemchemi yao haikutoka chini ya mwamba. Ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye udongo wa msituni kwenyewe, kwenye mizizi na majani yaliyolowa, na kila ukingo ulipofyekwa ilikuwa inapungua. Nilipima mpaka nikajiridhisha. Huu ukikatwa, wangekosa maji ya kunywa.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Nilieleza nilichopima. Kijana mmoja akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mama, shikamoo. Mimi tangu nimepata akili kila mtaalamu anayekuja hapa anasema maji yatakauka. Wa misitu alisema. Wa kilimo alisema. Aliyekuja kutuuzia miche naye alisema. Mnafundishwa chuo kimoja?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa na haki yake. Nikaona mkutano unanitoka mikononi.

Mwanamke mmoja akainuka nyuma, akiegemea mkono wa binti yake. Sikumtambua mpaka aliposema. Bi Tatu alikuwa wa ukoo uleule wenye msitu ule, na jambo la ardhi ya ukoo halijadiliwi bila kina mama wake, hata wa mbali. Alikuwa amezeeka sana.

"Huyu namjua," alisema. "Mie nilikuwa na msitu wangu. Ndani mlikuwa na mdudu wake anayempenda kuliko nini sijui. Nikamuuliza, nikikata maji yatakauka? Angesema ndiyo, ningeacha, mdudu wake angepona. Akaniambia hayatakauka. Nikakata. Na maji hayajakauka, nimekunywa leo asubuhi." Akawageukia vijana. "Sasa leo anasema yatakauka. Siye tunakata nini?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba wao aliuliza kina mama mmoja mmoja, wakajibu, na msitu ukaachwa. Salima aliniletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, kwa sababu nilikuwa nimesimama tu nimeduwaa.

Upo mpaka leo. Nimefukia ndoo ndani yake kila msimu hadi mwaka niliostaafu, na binti wa mezani kwangu ataendelea. Mna virukanjia, mna vinyonga wa aina ambazo wengine wangefunga safari kutoka mbali kuwaona, mna konokono wembamba kama sindano. Nimetafuta kila kona yake, chini ya kila gogo. Chura yule hayumo.